Namba Tisa ni ya Mvua

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, usijali, nitakupa kwa ufupi. Waliosoma wanivumilie, au waende wakaangalie jiko.

Mimi ndiye Fyuzi. Fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye mdomo ambao haujawahi kuomba likizo. Gereji ndiyo iliyonipa hilo jina, kwa sababu naungua haraka.

Nilikuwa fundi wa gari la mbio analoendesha mdogo wangu wa tumbo moja. Wiki ya kwanza mlisoma nilivyofukuzwa kazi. Wiki ya pili mchumba wangu alitoka kwenda kununua vocha, na mpaka leo bado anaitafuta. Wiki ya tatu paa likavuja, si pembeni mwa kitanda, juu ya kitanda hasa. Ya nne sitaki kuikumbuka. Wiki jana tuliishia pale mdogo wangu alipopita barabarani, nikamwita kwa jina la utotoni, naye akapandisha kioo.

Dada mmoja ameniandikia kwamba kila akinisoma analia mpaka mboga inaungua. Dada yangu, leo zima jiko kabisa.

Lazima nianze na habari ya breki, maana bila hizo hakuna kisa. Usikimbie. Ni rahisi kuelewa kuliko mwanamume anayesema yuko njiani.

Ukikanyaga breki kwa nguvu nyingi, tairi linakaba. Tairi lililokaba halizunguki, na tairi lisilozunguka halisikii usukani. Gari linakwenda linakotaka, kama sabuni iliyokuponyoka bafuni. Ndiyo maana magari yamewekewa kompyuta ya kuachia na kukamata breki haraka haraka, ili tairi lisikabe.

Kwenye gari lako la kwendea kazini, kompyuta hiyo inaamua yenyewe. Kwenye gari la mbio dereva ana swichi ya duara karibu na usukani, yenye namba moja mpaka tisa. Kwa swichi hiyo anaiambia kompyuta: nisaidie sana, au niache.

Moja ni msaada wote. Tisa ni utajijua mwenyewe.

Jua likiwaka, lami ikiwa kavu, dereva hodari anataka aachwe, maana kompyuta ikiingilia sana inamchelewesha. Mvua ikinyesha anataka ashikwe mkono kama mtoto anayevuka barabara.

Sasa sikiliza ujanja wetu.

Kabla ya mbio, mafundi wa timu nyingine hupitapita wakijifanya wanasalimia. Uongo. Wanachungulia dirishani wasome swichi yako, wakaweke hivyo hivyo kwao. Basi mimi na mdogo wangu tukabandika tepu nyeupe juu ya namba za kiwandani, tukaandika zetu kwa kalamu, kinyume. Palipokuwa na moja tukaandika tisa. Palipokuwa na mbili tukaandika nane. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Tano, iliyo katikati, ikabaki tano.

Kwetu sisi, namba tisa ikawa ya mvua.

Mawingu ya kwanza yalipokuja, Masharubu, fundi wa timu pinzani, alichungulia akaona tisa. Akakimbia kumwekea dereva wake tisa. Dereva wake akaenda kufyeka nyasi kwa bampa. Tulicheka msimu mzima.

Siri ilikuwa ya watu wawili. Hata Bosi, mwenye timu, hatukumwambia, maana Bosi ukimpa siri asubuhi, mchana muuza maji anakusimulia.

Kisha ikaja siku ya mvua ambayo Masharubu alichungulia, akaona tisa, akatabasamu, na dereva wake hakuteleza hata kidogo.

Mdogo wangu alinifuata nyuma ya gereji. "Dada, siri tulikuwa wawili. Mimi sikusema."

"Masharubu aligundua mwenyewe," nikamwambia.

Hakuamini. Alimwendea Bosi, akamwambia nauza mipangilio ya gari, achague yeye au mimi. Bosi akamchagua anayeleta vikombe.

Basi. Mmefika nilipo.

*

Asubuhi ya mbio nilikuwa barazani nimekumbatia feni ya jirani, natafuta kwa nini inapiga kelele na haipulizi. Mama alikuwa pembeni yangu akikunja nguo.

"Hodi."

"Umeshaingia, hodi ya nini tena?"

Alikuwa fundi mpya, aliyerithi kazi yangu. Mimi namwita Kola, kwa sababu ovaroli lake limepigwa pasi na vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Tangu lini fundi akafunga kifungo cha kooni?

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyechukua kazi ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, karibu kiti."

Mmeona? Mwingine angesema "ni mipango ya Mungu" au "mimi niliitwa tu". Kola hajui kudanganya. Ukimuuliza kama umenenepa, anakutajia na kilo.

"Dada Fyuzi, nimetumwa. Waya wa kuunganisha laptopu na gari umekatika kichwa leo asubuhi. Bosi anasema wa akiba ulibaki kwenye sanduku lako."

"Bosi amekutuma kwangu? Mimi mwizi?"

"Amesema nikuombe vizuri. Ukikataa nirudi."

"Na hii ndiyo vizuri yenyewe?"

Akafikiri. "Tafadhali, dada."

Nilicheka, nikaingia ndani, nikautoa waya. Nilikuwa nimeutunza kama pete ya ndoa. Nilipompa hakuondoka. Alimtazama mama, akashusha sauti.

"Kuna jambo lingine. Sijamwambia mtu."

"Kama ni posa, mama yuko hapo."

"Si posa," akasema, uso mkavu. "Jana jioni nilifungua programu ya breki, nikakuta kosa lako."

"Kosa langu lipi? Taja moja, yako mengi."

"Ile swichi. Tepu inasema tisa, kompyuta inasoma moja. Tepu inasema moja, kompyuta inasoma tisa. Zote ziko kinyume. Nikajua ulichanganya nyaya. Kila mtu hukosea, dada. Basi nikageuza ndani ya programu. Sasa tisa ni tisa, na moja ni moja. Bosi sijamwambia, nisikuongezee aibu."



"Umemwambia dereva?"

"Dereva haongei na mafundi siku hizi. Anasema fundi ni mtu wa kumpa gari, si wa kumpa siri."

Hayo maneno alijifunza kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Leo amelijaribu gari?"

"Raundi tatu za kupasha matairi moto. Amesema liko vizuri sana."

"Swichi ikiwa ngapi?"

"Tano."

Tano! Kati ya namba zote tisa, ni hiyo moja tu ambayo ukiigeuza haigeuki. Hakuhisi chochote, hakuwa na cha kuhisi.

Nikatazama juu. Upande wa uwanja wa mbio mbingu ilikuwa nyeusi kama mpira wa tairi.

Mmepata hesabu yangu? Mvua ikianza, mdogo wangu atafanya alichofanya siku zote. Atazungusha swichi mpaka kwenye tisa ya tepu, akijua ni tisa ya uongo, yaani moja. Kumbe mtu mwema mwenye kola safi ameifanya kuwa ya kweli. Atakanyaga breki kwenye maji akingoja kushikwa mkono, na hakutakuwa na mkono.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

"Rudia nikusikie vizuri."

"Hakuna kitu, mama."

"Basi kipo." Akaweka shati aliloshika. "Nimezaa wawili tu. Mmoja hakanyagi nyumba hii, mwingine hamtaji mwenzake. Nenda. Mengine utaniambia ukirudi."

Nilimpigia mdogo wangu simu nikikimbilia pikapu ya gereji aliyokuja nayo Kola. Alishanifungia namba yangu tangu siku niliyofukuzwa. Kola akampigia Bosi. Ikaita mpaka ikachoka. Pembeni ya injini kumi na nne, nani asikie simu?

"Mbio zinaanza saa ngapi?"

Kola akatazama saa yake. "Zimeanza dakika nne zilizopita."

*

Sijawahi kupanda gari linaloendeshwa vizuri kiasi kile, na Mungu aninusuru nisipande tena.

Alifunga mkanda. Akaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, cha ndani. Akawasha taa ya kuingia barabarani, na barabara ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho.

"Kanyaga mafuta!"

"Hapa ni hamsini."

"Kola, nitakuuma."

Kwenye taa za njia panda alisimama. Nyekundu. Kulia hakuna mtu, kushoto mbuzi mmoja tu, naye hana haraka.

"Pita!"

"Ni nyekundu, dada."

Nilimtazama yule mtu, uso wake wa upole, mikono miwili kwenye usukani. Nikataka kumchukia nikashindwa. Alikuwa ameharibu maisha yangu kwa kutengeneza.

Taa ikawa kijani. Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo.

"Nisichoelewa," akasema, maana nilikuwa nimemweleza yote, "ni Masharubu. Yeye alijuaje?"

"Aligundua mwenyewe."

"Kwa kuchungulia dirishani?"

"Eeh."

"Haiwezekani," akasema Kola, bila ubaya, kama mtu anayesoma kipimo. "Dirishani unaona tepu. Kompyuta huioni. Angeweza kuchungulia mwaka mzima asijue."

Nikageuzia uso dirishani.

Wasomaji wangu, na ninyi mkae kidogo.

Wiki tano nimewaambia nilionewa. Mmenililia. Mmoja wenu amemwita mdogo wangu nyoka, kwa barua yenye muhuri. Nimewadanganya.

Ilikuwa kwenye duka la vipuri. Masharubu alikuwa kaunta na mafundi wanne, mgongo ameupa mlango. "Yule Fyuzi breki hazijui," akasema. "Mvua inanyesha, anamwekea mdogo wake tisa! Anashinda kwa bahati. Iko siku atamzika." Wakacheka wote. Hata muuzaji alicheka, na huyo nilikuwa mteja wake wa miaka minane.

Mimi kucheka watu najua. Kuchekwa sikufundishwa.

"Mjinga wewe," nikasema. "Tisa yetu ni moja yenu. Tuliandika kinyume ili mbumbumbu kama wewe mwige."

Kwa muda wa pumzi tatu hivi nilikuwa fundi mwerevu kuliko wote duniani. Kisha Masharubu akasema "Ahaa," taratibu, akachukua plagi zake, akatoka.

Sikupewa hata soda. Ningepewa, angalau ningekuwa na la kujitetea.

Nikamwangalia mdogo wangu machoni nikamdanganya. Nikamdanganya mama. Nikamdanganya Bosi. Halafu nikaja hapa gazetini nikawadanganya ninyi, wiki kwa wiki, kwa vichekesho. Wewe uliyeunguza mboga kwa ajili yangu, nisamehe na mboga yako.

"Dada," akasema Kola, "unalia?"

"Paa linavuja."

*

Getini picha yangu ilikuwa imebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo nimefumba jicho moja.

"Umebeba nini?" mlinzi akamuuliza Kola.

Nikamfinya paja. Nikamfinya kwa kucha.

"Waya mmoja," akasema Kola, "na fundi aliyefukuzwa."

Mola wangu!

Mlinzi akainama, akanitazama, akaitazama picha. "Huyu hapiti. Amri ya bosi wenu."

"Nisipite nife hapa?"

"Hilo ni lako. Kupita hupiti."

Mvua sasa ilikuwa inaongea juu ya bati la kibanda. Kwa mbali nilisikia magari yakilia kwenye barabara ile nyoofu. Lake nalijua kwa sauti, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Lilikuwa mbele.

Nikashuka, nikamnyooshea mlinzi mikono yote miwili. "Nikamate."

"Nini?"

"Mimi si mwizi? Umenikuta getini. Nikamate unipeleke kwa Bosi. Haraka, baba, kabla sijatoroka!"

Akatazama mikono yangu, akamtazama Kola. Kola akatikisa kichwa kukubali. Mlinzi akanikamata. Nadhani ni mara ya kwanza katika kazi ile kumwona mhalifu anamburuta askari. Alikuwa na tumbo, maskini, na mimi nilikuwa na mbio.

Bosi alikuwa bandani, pale kando ya barabara ya mbio magari yanapoingia kutengenezwa, spika za simu ya upepo masikioni, laptopu mezani chini ya turubai. Aliponiona alivimba shingo.

"Nani kamleta huyu?"

"Mimi," Kola akasema.

"Nimemkamata," mlinzi akasema, akihema.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Tepu. Kinyume. Programu. Mvua. Bosi alinisikiliza mdomo wazi.

"Namba za gari langu," akasema, "zilikuwa za uongo misimu miwili, na mimi sijui?"

"Nitukane baadaye, Bosi. Mwambie aingie bandani."

Akamtazama Kola. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Kola akasema. Hapo ndipo nilipoona faida ya mtu asiyedanganya. Bosi hakuuliza mara ya pili. Alimtuma mlinzi akimbie kwa watu wa bendera wasimamishe mbio, na mlinzi akakimbia, yaani kwa jinsi alivyoweza. Kola alichomeka waya kwenye laptopu, kisha akaukumbuka ukweli akauchomoa. Waya unataka gari lisimame mbele yako. Hewani laptopu inaweza kusoma gari tu. Kulibadilisha haiwezi.

Kwenye skrini, pembeni, kulikuwa na kisanduku kidogo cha swichi ya breki.

Tano.

"Bado hajagusa," nikasema.

Bosi akabonyeza chombo cha kuongelea cha simu ya upepo. "Dereva, ingia bandani. Ingia raundi hii."

Sauti ya mdogo wangu ikatoka ikikwaruza. "Kwa nini? Niko mbele sekunde tatu. Nikiingia nimekosa ushindi."

"Breki zina kasoro."

"Breki ziko sawa. Nani kasema?"

Bosi hajui kutunza siri, nilishawaambia. "Fyuzi yuko hapa, anasema..."

Mdogo wangu akamkata maneno: "Yuko hapo nani?"

Nilimpokonya Bosi kile chombo.

"Mdogo wangu, ni mimi. Nisikilize. Usiweke tisa. Ukitaka ya mvua, weka moja."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimemlea. "Moja? Kwenye maji haya, dada, unaniambia niweke moja?"

Jiweke kwenye kiti chake. Kwa siri yetu, moja ndiyo niache nife. Dada aliyemuuza msimu huu anatokea kwenye mvua, anamwomba aizungushe huko.

"Programu imegeuzwa! Tepu sasa inasema kweli."

"Nani kageuza?"

"Fundi mpya."

"Alijuaje? Siri ni yako na yangu."

"Aligundua mwenyewe," nikasema.

Nilipoyasikia yakinitoka, nilitamani niyarudishe kinywani kwa mikono miwili.

"Aligundua mwenyewe," akarudia polepole. "Kama Masharubu."

Ilikuwa kweli! Kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli, neno kwa neno lile lile, na nilikuwa nimeshalitumia.

Kola akainamia kile chombo. "Bwana dereva, ni mimi niliyegeuza. Jana jioni."

"Fundi, asubuhi ulitumwa kwake. Sasa umerudi naye. Mlipanga nini njiani?"



"Basi bakiza tano!" nikapiga kelele. "Usiamini mtu, usiguse kitu. Tano ni ile ile!"

"Tano haitoshi kwenye maji haya, dada. Hapa sioni hata mstari."

Kwenye jukwaa watu walifungua miavuli. Magari mawili ya mkiani yalipita mbele yetu yakirusha maji kama mabomba. Baada ya barabara ile nyoofu iko kona ya kwanza, ambako gari linatoka kilomita mia mbili na ishirini kwa saa mpaka sitini, na asiyeweza kupunguza anapokewa na ukuta wa matairi ya zamani, na nyuma yake zege. Bendera bado hazijainuliwa. Mlinzi nilimwona kwa mbali, ameinama, mikono magotini.

"Dada."

Sauti yake ilikuwa imeshuka. Ilikuwa ile ya utotoni, taa ikizimika na yeye akiuliza kama bado niko chumbani.

"Nipo."

"Niko kona ya mwisho. Nakuuliza, na sitauliza tena. Ulimwambia Masharubu?"

Bosi alikuwa ananitazama. Mafundi wote walikuwa wananitazama. Chombo kile kinasikika timu nzima.

Nikisema hapana, anajua ni uongo, maana alishaujua zamani. Nikisema ndiyo, nimekubali kwa mdomo wangu kwamba mimi ni mtu wa kumuuza. Akili yangu, inayojua kupata jibu la kila mtu sokoni, ilitafuta la tatu. Halikuwepo.

"Nilimwambia," nikasema. "Walinicheka, nikamwambia. Nisamehe, mdogo wangu. Lakini hili la leo..."

"Asante," akasema. "Asante kwa kusema."

Akakata.

Gari likatokea kwenye kona ya mwisho, taa mbili ndani ya ukungu wa maji, likainyoosha pua kuja kwetu, injini ikipanda. Kola alikuwa amekodolea macho kile kisanduku cha skrini, na kwa sababu Mungu alimuumba hajui kuficha, alikisoma kwa sauti.

"Sita," akasema.

Gari likapita mbele yetu.

"Saba."

"Nyamaza," Bosi akamwambia.

Kola akaigeuza laptopu taratibu, akanielekezea mimi. Kisanduku kilisema tisa.